Urusi Tuliyoisomea Butiama

Nimekabidhi funguo za stoo ya vitabu, na tangu hapo walimu vijana hawaachi kunipigia simu kuuliza swali lile lile: madam, hii Urusi tunaifundishaje, na kwa kitabu kipi? Hakuna anayeniuliza habari za Ufaransa wala Marekani. Urusi ndiyo inayowatoa jasho, kwa sababu muhtasari unaitaja kwa mistari michache halafu mtihani unaiuliza kana kwamba mwanafunzi alizaliwa huko. Kwa kuwa sasa sina kipindi wala zamu, nimeona niandike mara moja, msome wote, kisha mniache nimwagilie mchicha wangu hapa Nyakato kwa amani.

Nilianza kazi Musoma mjini, nikapewa kidato cha tano na cha sita. Mkuu wa idara ya historia alikuwa Mwalimu Magesa, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, aliyesoma Urusi ujanani mwake na kurudi na sanduku la vitabu na kofia moja ya manyoya. Kofia aliivaa siku za mvua tu, na hakuna mwanafunzi aliyethubutu kucheka mbele yake. Siku yangu ya kwanza nilimpelekea andalio la somo nililoliandika kwa mwandiko wa kupigwa mstari. Hakulisoma. Alinichukua hadi stoo, akanisimamisha mbele ya rafu.

"Vitabu vya Urusi viko vya aina mbili," aliniambia. "Vya kwao wenyewe na vya maadui zao. Vya kwao vina karatasi nzuri, vya maadui zao vina picha. Wewe usihangaike na jalada. Fungua kwanza pale wanapozungumziwa wakulima."

"Kwa nini wakulima, mwalimu?"

"Hawa unaokwenda kuwafundisha ni watoto wa nani? Wa wenye mabenki?"

Basi ndivyo nilivyojifunza kuchagua. Alinionyesha kwamba kitabu ambacho wakulima wanatajwa kama "umati" tu, wakashangilia katika aya moja na kutoweka, kinarudi rafuni hata kama kina ramani za rangi. Lakini kama kinasema walikula nini, jembe lilivutwa na mnyama gani, na foleni ya mkate mjini ilianza saa ngapi, hicho unakaa nacho. Alikuwa na kipimo kingine ambacho nimekitumia mpaka juzi: unamwita mwanafunzi mwenye Kiingereza kigumu kuliko wote, unampa asome ukurasa mmoja kwa sauti. Akivuta pumzi mara tatu kabla hajakutana na kitenzi, hicho kitabu ni cha mwalimu, si cha darasa. Vitabu vingi vya maprofesa vilifia hapo.

Sikuwa nimezoea vizuri kuifundisha nchi hiyo, yenyewe ikavunjika. Tulisikia redioni, ofisini kwa walimu, wakati wa chai. Mwalimu Magesa aliweka kikombe chini. Alikwenda kusimama mbele ya ramani ya dunia, ile ambayo Urusi ilikuwa imejaa nyekundu kutoka ukuta hadi mlango, akaitazama, kisha akaniambia ramani nyingine italetwa. Ililetwa baada ya miaka mingi, nayo ilipofika ikawa bado ina Zaire. Siku ile ya redio alikula chakula cha mchana peke yake nyuma ya maabara, nami nikamhurumia sana, maana si siasa alizokuwa anaziombolezea. Alikuwa na marafiki huko, na bibi mmoja mwenye nyumba aliyemfundisha kupika kabichi.

Baadaye nikahamishiwa Bunda, nikapanga chumba mtaa wa Manyamanyama. Huko ndiko nilikokutana na adui wa kweli wa mwalimu wa historia, naye si mabepari wala makomunisti, ni desa. Ninyi mnayajua madesa: karatasi zilizotolewa kopi ya kopi, zenye pointi sita za sababu na pointi sita za matokeo, na hakuna aliyewahi kumjua mtungaji. Watoto wa wakulima wa pamba waliyakariri madesa hayo njia nzima wakitoka mashambani, na ukiwauliza mkulima wa Urusi alikuwa analima nini wanakujibu "pamba," kwa moyo mweupe kabisa.

Siku moja likaja boksi la vitabu vya msaada. Mnajua pia vitabu vya msaada. Humo kulikuwa na mwongozo wa kufuga paka, hesabu za darasa la pili la nchi nyingine, na katikati kitabu kinene cha historia ya Urusi ya karne iliyopita, kimechanika jalada na kurasa za mwanzo zote, kwa hiyo mpaka leo sijui nani alikiandika. Nilifungua panapozungumziwa wakulima. Sura nzima! Niliisoma nimesimama, chai ikapoa. Nilikishona mgongo kwa uzi wa nyavu nilionunua sokoni, maana uzi wa cherehani haumalizi muhula, nikakivika karatasi ya mfuko wa saruji. Wanafunzi wakakipa jina, Saruji. Nikakioanisha na kile kilichotoka kwao wenyewe, ambacho Mwalimu Magesa alinipa nilipoondoka Musoma. Wawili wawili kwenye dawati, kwa zamu, mmoja anasoma hiki kuhusu mashamba ya pamoja, mwenzake anasoma kile, halafu wanabadilishana na kubishana. Kitabu kimoja kilisema wakulima waliingia kwenye mashamba hayo wakiimba. Saruji hakikutaja nyimbo. Nawaambia bila kuficha, kama mna fedha ya kitabu kimoja tu, nunueni viwili vya bei ya chini vinavyogombana.

Kesi ninayotaka kuwasimulia ilitokea Butiama, kwenye shule ndogo ya binafsi niliyohamia baada ya Bunda, ambayo siku hizi haipo tena. Shule ile ilikuwa na utaratibu wake: anayeanguka somo lolote la mtihani wa majaribio wa mkoa, ule tunaouita mock, harudi kukaa mtihani wa taifa mwaka huo. Anarudia kidato, na karo analipa upya. Walisema ni kulinda jina la shule. Nilipinga kikaoni, nikaambiwa nipinge kwa maandishi, nikapinga kwa maandishi, nikajibiwa kwa maandishi.

Darasani nilikuwa na Makuru. Alikuwa mtu mzima tayari, amezidi wenzake umri kwa mbali, kwa sababu baada ya kidato cha nne alikwenda Kiriba, kando ya ziwa, akavua dagaa miaka kadhaa kabla hajarudi kusoma. Wenzake walimwita Mjomba. Alikuwa na mikono iliyokauka kwa maji na jua, na alishika kalamu kama anashika kasia. Karo yake ililipwa na babu yake, Mzee Wambura, aliyemlea, ambaye aliuza mtamba mmoja ili kijana arudi shule. Makuru aliniambia waziwazi siku ya kwanza: "Madam, babu amesema ni huyu mmoja tu. Nikirudia darasa narudi ziwani, hauzi mwingine. Ng'ombe zake huwa hagusi kabisa, hata akiumwa haendagi hospitali kwa kuuza ng'ombe." Nilimwambia basi asome. Akasoma, lakini Kiingereza kilimsumbua, na alikuwa na tabia ya kuandika kwa kirefu kile alichokijua na kuruka asichokijua, kama wengi wetu.

Mock ikafanyika. Usahihishaji ulikuwa Musoma, walimu wa historia wa mkoa mzima tumekaa kwenye meza ndefu, kila mmoja na swali lake moja, karatasi zinatembea kutoka mkono hadi mkono. Mimi nilipewa swali la vita vya kwanza. Swali la Urusi, matokeo ya mashamba ya pamoja, lilikuwa la Mwalimu Chacha, kijana mchangamfu, aliyekaa viti viwili kutoka kwangu. Mchana mmoja akagonga meza kwa kalamu.

"Jamani, sikilizeni huyu," alisema, akaanza kusoma. Nawatafsiria: *Wakulima wa Urusi walipoambiwa ng'ombe watakuwa wa wote, waliwachinja wenyewe. Walikula nyama mpaka wakaugua. Hata ng'ombe mwenye mimba hawakumwacha. Waliona ni afadhali mbwa washibe kuliko kumwona ng'ombe wako kwenye zizi la mwingine.*

Meza nzima ikacheka. "Huyu ametoka Butiama moja kwa moja, kwa Baba wa Taifa," alisema Chacha. "Amechanganya Urusi na operesheni vijiji ya enzi za ujamaa. Kumbe Masharubu naye alipitaga huku kwetu!" Masharubu ndilo jina ambalo mkoa mzima tulimpa yule kiongozi wao aliyeleta mashamba ya pamoja. Akaandika sifuri, akapitisha karatasi.

Ilipofika kwangu niliutambua mwandiko. Karatasi zina namba, hazina majina, lakini mtu uliyesahihisha madaftari yake miaka miwili huhitaji jina lake. Nikapiga hesabu kichwani ya yale aliyopata maswali mengine. Bila swali la Urusi alikuwa ameanguka. Nikajizuia kusema chochote kwa niaba ya mtu, maana hiyo ingekuwa kuvunja miiko. Nilichosema ni kimoja: "Mwalimu Chacha, hilo si kosa. Lilitokea huko kweli."

"Wapi? Kwenye mwongozo wa kusahihisha halimo."

"Kwenye kitabu limo."

"Kitabu gani, dada?"

Nikabaki nasema ni kitabu kisichokuwa na jalada. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Nyabweke, mama mkali aliyevaa miwani kwa kamba shingoni, akasema maneno ya hewani hayasahihishi mtihani, nilete kitabu kesho. Nilirudi Butiama jioni ile ile nikakichukua, na asubuhi nikakiweka mezani na mfuko wake wa saruji. Walisoma wote, wakipokezana. Wakulima kuchinja mifugo yao kuliko kuitoa: ipo, na si mstari mmoja, ni kurasa. Chacha, ambaye namsifu kwa hili, alisoma mpaka mwisho na kusema, "Aisee." Kisha akaomba karatasi zote za swali lake zirudishwe azipitie upya. Makuru akapata alama zake. Alipita kwa kusukuma, lakini alipita.

Nilipanda gari la kurudi nikiwa na furaha ya kijinga. Miaka yote ya kushona vitabu, nikawaza, leo kimoja kimemwokoa mtu. Nikamkuta Makuru bwenini anafua, nikamwambia, "Mjomba, umepita. Lile la Urusi limekubeba. Hongera kwa kukisoma Saruji."

Akanyanyuka na povu mikononi. "Kukisoma wapi, madam? Hiyo sura sijaifikiaga. Kiingereza chake kilinishinda, niliishia pale kwa mfalme wao."

"Sasa yale ya ng'ombe umeyatoa wapi?"

"Kwa babu." Akashangaa kuona nashangaa. "Yeye ndo alichinja zake, wakati wa operesheni. Mimi nilijua ni kitu kile kile. Mashamba ya pamoja, vijiji vya pamoja. Si umefundisha mwenyewe tulinganishe?"

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kwa hiyo Chacha alikuwa sahihi tangu mwanzo: kijana alichanganya. Jibu lilikuwa la kweli na mwenye jibu hakulijua. Makuru alinitazama uso, akaelewa. "Basi hizo alama si zangu," alisema polepole. "Utaniambia nirudi ziwani?"

Ninyi mnaosoma, mngefanyaje? Nilikesha na swali hilo. Kumfuta ilikuwa rahisi na ilikuwa na haki yake. Kunyamaza kulikuwa rahisi zaidi. Asubuhi nilimpigia Mwalimu Nyabweke nikamweleza kila kitu. Akasema, "Kwa hiyo huyo amepata Urusi kwa kuijua Butiama. Sisi wengine juzi tulikuwa hatuijui hata hiyo." Akaniachia mimi: mpe kitabu, mpe siku za mapumziko ya mock, akirudi mhoji mwenyewe. Akiweza kusema kipi ni cha Urusi na kipi ni cha kwao, alama zinabaki. Asipoweza, nipeleke jina.

Makuru akaenda nyumbani na Saruji kwenye mfuko wa nailoni, na kamusi yangu. Nilibaki nahesabu siku kama mgonjwa anayesubiri majibu ya damu.

Alirudi, na hakurudi peke yake. Nilikuwa ofisini nasahihisha, nikasikia hodi, akaingia mzee mrefu aliyevaa koti zito na kofia ameishika mkononi, na Makuru nyuma yake amekumbatia kitabu. "Shikamoo, mzee," nikasimama. "Marahaba, mwalimu," akajibu, akakataa kiti. Mzee Wambura alisema anataka kijana aulizwe kwanza, yeye atasubiri. Nikamuuliza palepale.

Makuru hakuwa na pointi sita. Alisimama kama anayetoa taarifa kwa wenye mtumbwi. Alisema mambo haya yanakwenda pamoja mpaka mahali fulani, halafu yanaachana. Huku na huko watu waliambiwa wahame au waungane, na wengine hawakuulizwa. Huku na huko wakaogopa, wakachinja. "Lakini kwao, madam, ng'ombe na nafaka vilichukuliwa kweli. Kwetu ilikuwa uvumi. Ambaye hakuchinja alibaki na ng'ombe zake. Na njaa ilipokuja huku, babu anasema unga wa njano wa msaada uliletwa, watu waliulalamikia lakini walikula. Kwao njaa ilipokuja nafaka iliendelea kutolewa, na aliyetaka kusaidia kutoka nje hakuruhusiwa. Walikufa. Kitabu kinasema mamilioni. Nimeangalia kwenye kamusi nikidhani nimekosea."

Nimefundisha kizazi kizima, na sijawahi kusikia jibu zuri kuliko hilo kuhusu swali hilo. Nilimwambia alama ni zake. Akakiweka kitabu mezani.

Ndipo babu yake akasogea mezani. "Mwalimu, huyu alinisomea," alisema. "Nikamwambia arudie. Nikaona labda ananibembeleza tu, kwa sababu mimi sijui kusoma. Nionyeshe wewe."

Nikafungua, nikaweka kidole kwenye mstari. Aliinama akaweka chake karibu na changu, kidole kikubwa chenye kucha iliyopasuka, akakiacha pale muda mrefu.

"Hapa?"

"Hapo, mzee."

"Mimi zilivuma habari kwamba wanakuja kuzihesabu, ziwe za kijiji. Nikachinja zote, na ile yenye mimba. Hawakuja. Majirani zangu wakabaki na zao, mpaka leo wananiita Mla-zizi. Watoto wangu wamekua wanaitwa wa Mla-zizi." Kidole kilikuwa bado kwenye mstari. "Nilijuaga ni mimi tu duniani. Hao walikuwa wengi?"

"Wengi sana, mzee. Nchi nzima."

Makuru alitaka kusema kitu, nikamzuia kwa macho.

"Wakati wanachinja," mzee akauliza, "walikuwa wanajua zitachukuliwa, au walikuwa wanaogopa tu?"

Nilitafuta kwenye ule ukurasa, na unaofuata, ingawa niliujua kwa moyo. Kitabu hakikusema. Ilibidi nijibu mimi.

"Walikuwa wanaogopa tu, mzee. Hakuna aliyekuwa anajua."

"Hata mimi," alisema Mzee Wambura, na ndipo akakubali kiti.